Kinkina kwenye vilima vya Kabare: gome, ardhi na mizani

Anayetoka Bukavu, mashariki ya Kongo, kwa barabara ya Kavumu, akishapita Mudaka na kutazama upande wa kushoto, kule vilima vinakopanda kuelekea mbuga ya Kahuzi-Biega, ataona chai, migomba na mikaratusi, na hapa na pale vipande vya mimea iliyosongamana, yenye majani mapana yanayong'aa, ambayo baadhi yake yamegeuka mekundu kabla ya kuanguka. Hiyo ndiyo kinkina, mmea unaotoa kwinini. Watu wengi wa mjini wamewahi kumeza kwinini au kutundikiwa kwenye chupa ya serumu, lakini ukiwaonyesha mmea wenyewe watadhani ni kahawa iliyoachwa bila kupogolewa. Huwezi kuwalaumu sana, kwa maana kinkina na kahawa ni za jamaa moja, ile inayoitwa Rubiaceae.

Nimeamua kuandika juu ya mmea huu kwa sababu vijana wa Kabare na Walungu wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kuupanda, sasa ambapo migomba imeshambuliwa na mnyauko na mihogo haizai tena kama zamani. Mimi naona inafaa kwa mwenye ardhi ya kudumu, mwenye mteremko usiotuamisha maji, na hasa kwa anayejua anauza nini. Gome la kinkina halina thamani kwa uzito wake bali kwa kilichomo ndani yake, ilhali mkulima wetu hadi leo analipwa kwa uzito.

Kwanza mmea wenyewe. Kinkina si mzaliwa wa misitu yetu. Asili yake ni misitu yenye ukungu ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, kuanzia Kolombia hadi Bolivia, mahali ambapo mvua haikatiki kwa muda mrefu na baridi haifikii kugandisha maji. Ni kichaka kikubwa au mti mdogo, hutegemea aina na jinsi unavyotunzwa, na haupukutishi majani yake yote kwa wakati mmoja. Majani huota mawili mawili yakielekeana, na kati ya vikonyo vyake hutokea vijani vidogo vinavyofunika chipukizi, kama ilivyo kwa kahawa. Maua yake ni madogo, yamekusanyika kwenye vishada, yana harufu nzuri, na ncha za petali zake zina vinyweleo laini pembezoni. Tunda lake ni kibumba kidogo kikavu kinachopasuka kuanzia chini kwenda juu, na kikishapasuka hupeperusha mbegu zenye ubawa mwembamba.

Aina zenye maana kwa mkulima ni mbili tu. Ya kwanza ni ile ambayo wataalamu huiita Cinchona ledgeriana, au huihesabu ndani ya Cinchona calisaya. Hii ndiyo yenye kwinini nyingi, lakini mizizi yake ni dhaifu na inachagua udongo. Ya pili ni Cinchona pubescens, ambayo zamani iliitwa succirubra, yenye gome jekundu, yenye nguvu, isiyosumbuka na udongo, lakini kwinini yake ni kidogo. Nguvu yake hiyo ni nyingi kiasi kwamba kwenye visiwa vya Galápagos imegeuka kuwa magugu yanayofukuza mimea ya asili. Wakulima wenye hekima huziunganisha: shina la ledgeriana hubebeshwa juu ya mzizi wa succirubra, na hapo mkulima anapata gome la moja na miguu ya nyingine.

Namna mmea huu ulivyotoka Andes ni habari ndefu ambayo nitaikata. Mapadre Wajesuiti walipeleka unga wa gome lake Ulaya katika karne ya 17, na mwaka 1820 wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, wakafaulu kuitenga kwinini yenyewe kutoka kwenye gome. Lakini mtu ambaye mimi humkumbuka kila nipitapo karibu na shamba la kinkina ni Manuel Incra Mamani, mtu wa Bolivia aliyejua msituni ni miti ipi yenye gome bora, na ambaye alikusanya mbegu zake kwa ajili ya mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger. Mbegu zilifika London mwaka 1865. Serikali ya Uingereza haikuzitaka. Waholanzi wakanunua kiasi kidogo, wakazipanda Java, na kutokana na mbegu hizo Java ikaja kutoa zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za kwinini yote ya dunia. Ledger jina lake liko kwenye mmea. Mamani alikamatwa na wakuu wa nchi yake, akapigwa, akafa kwa majeraha hayo.

Kivu iliingia katika habari hii kwa njia ya Wabelgiji. Shirika lao la utafiti wa kilimo, INEAC, lilianzishwa mwaka 1933, na kituo chake cha Mulungu, ambacho leo ni cha INERA, shirika lililolirithi, kiko hapa hapa kaskazini ya Bukavu. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Java, majeshi yaliyokuwa yakipigana katika nchi za malaria yalijikuta bila dawa, na gome la Kivu, ambalo hadi hapo lilikuwa zao dogo la walowezi, likageuka kuwa kitu cha kutafutwa. Mashamba yakapanuliwa, na Bukavu ikapata kiwanda cha kuchuja kwinini, kile tunachokijua sote kwa jina la Pharmakina. Ni jambo la nadra katika nchi yetu: zao linalolimwa kilimani na kugeuzwa dawa kamili kwenye mji ulio chini ya kilima hicho hicho. Kaskazini, kwenye milima ya Lubero na Beni, kinkina imekuwa mikononi mwa wakulima wadogo zaidi kuliko kwetu, nao wengi huuza gome likiwa ghafi.

Kabla ya kuzungumza juu ya kitalu, lazima nizungumze juu ya ardhi, kwa kuwa hapo ndipo wengi huishia. Kinkina huvunwa kuanzia mwaka wa sita hivi, na gome lililokomaa vizuri hutaka miaka minane hadi kumi na miwili. Katika Bushi, yaani nchi ya Washi ambamo Kabare na Walungu zimo, kama kila mwenyeji ajuavyo, kuna ardhi ya kalinzi na kuna ardhi ya bwasa. Kalinzi ni ile ambayo familia iliipata kwa kutoa ng'ombe au kitu kingine cha thamani kwa mwenye mamlaka ya kimila, na inarithiwa. Bwasa ni ardhi ya kuazima: unalipa kwa msimu, kwa fedha, kwa mazao au kwa siku za kazi katika shamba la mwenye ardhi, nawe unaruhusiwa kupanda maharagwe, mahindi, viazi vitamu, lakini huruhusiwi kupanda mmea wa kudumu, kwa sababu mwenye kupanda mti huonekana ameanza kudai udongo ulio chini yake. Hivyo maskini kuliko wote, ambaye angehitaji akiba kuliko wote, ndiye asiyeweza kupanda kinkina. Sheria ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali, lakini sijaona bado mtu wa bwasa aliyeipeleka sheria hiyo kwa mwenye shamba akarudi na ruhusa ya kupanda miti. Na akina mama, ambao ndio hushinda wameinama kitaluni, mara nyingi shamba si lao kwa namna yoyote ile; mume akifariki, ndugu zake ndio huja kuhesabu mashina. Nilimwambia dada mmoja wa Katana, aliyetaka kupanda kwenye kipande alichoachiwa na marehemu mume wake, kwamba aandikiane kwanza na wakwe zake mbele ya chifu na mashahidi, na miche ifuate baadaye.

Mwenye ardhi sasa na asikilize habari ya mbegu. Mbegu ya kinkina ni nyepesi mno. Gramu moja ina maelfu yake, na ukiongea karibu nayo unaipeperusha. Hupoteza uhai upesi, kwa hiyo hupandwa ingali mpya. Haifukiwi. Udongo wa kitalu huchekechwa, huchanganywa na mboji iliyooza sawasawa, husawazishwa, kisha mbegu hunyunyizwa juu na kukandamizwa kidogo kwa ubao ili ishikamane na udongo, basi. Maji hutiwa kwa mnyunyizo mwembamba sana, kwa sababu tone kubwa moja linazisukuma mbegu zote pembeni. Juu hujengwa paa la matete au la majani, lililo chini kiasi cha kuzuia jua la mchana na mvua ya mawe, na mbegu huanza kuchipua baada ya majuma mawili au zaidi. Ugonjwa wa kuoza shingo huua miche mingi wakati huu, na dawa yake ya kwanza ni kupunguza maji na kuacha hewa ipite.

Miche ikishapata jozi mbili tatu za majani huhamishiwa kwenye vifuko au kwenye tuta lenye nafasi zaidi, na kivuli hupunguzwa kidogo kidogo mpaka izoee jua. Safari nzima ya kitaluni huchukua mwaka mmoja au mwaka na nusu. Ni muda mrefu, na hapa ndipo baba mdogo wangu, ambaye ametunza vitalu vya kinkina maisha yake yote huko Kabare, huwacheka wanaokuja kuomba miche mwezi wa Septemba ili wapande mwezi huo huo.

Kuna jambo lingine la mbegu ambalo wauzaji wa miche hawalisemi. Miti ya kinkina ina maua ya namna mbili: kwenye baadhi ya miti sehemu ya kike ya ua imechomoza juu na zile za kiume zimejificha ndani ya mrija, na kwenye mingine ni kinyume chake. Mbegu hupatikana vizuri chavua ikitoka kwenye mti wa namna moja kwenda kwenye mti wa namna nyingine, maana yake kila mbegu ina wazazi wawili tofauti, na watoto hawafanani na mama yao. Mti wenye kwinini tele unaweza kuzaa miche ambayo nusu yake haina cha maana. Ndiyo sababu mashamba makubwa hayategemei mbegu kwa ajili ya gome bali hutumia vitawi vilivyobebeshwa au vipandikizi vya mti uliokwisha kupimwa. Mkulima mdogo anayenunua miche sokoni bila kuuliza asili yake ananunua bahati nasibu ya miaka kumi.

Shambani kinkina inapenda udongo wenye kina, uliolegea, wenye mboji na wenye uchachu, na vilima vyetu vina udongo wa namna hiyo kwa wingi, ingawa huko Walungu mahali pengi umechoka na lazima usaidiwe kwa samadi. Inataka mvua ya milimita 1500 kwa mwaka au zaidi, iliyogawanyika vizuri, na kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti hukistahimili ikiwa udongo umefunikwa kwa majani makavu. Hupandwa kwa kubanana, takriban mita moja kati ya shina na shina, ili ivute kwenda juu na kuua magugu kwa kivuli chake. Katika mwaka wa kwanza na wa pili unaweza kupanda maharagwe kati ya mistari. Baadaye, kuanzia mwaka wa tatu au wa nne, hupunguzwa, na magome ya miti iliyopunguzwa, ingawa ni membamba, huuzwa nayo. Kwenye mteremko mistari ifuate kilima kwa upana, na mifereji ya kuzuia mmomonyoko ichimbwe kabla ya shimo la kwanza la mche; sisi tunaoishi Bukavu hatuhitaji kuelezwa mvua hufanya nini kwenye kilima kilichovuliwa nguo.

Adui mkubwa ni maji yaliyotuama, kwa kuwa yanamkaribisha adui wa pili, Phytophthora, kiumbe kinachofanana na kuvu, kinachoishi udongoni na kuozesha mizizi na shingo ya shina. Dalili zake ni majani kuwa ya njano, ncha za matawi kukauka, na kwenye shina mstari wa gome lililozama na kuwa jeusi ambao hupanda kutoka chini. Mti ukifika hapo hauponi. Hung'olewa na kuchomwa mahali pale pale, na shimo lake halipandwi kinkina tena kwa muda mrefu. Ugonjwa huu hutembea pamoja na udongo, kwa hiyo hutembea kwenye jembe, kwenye buti na kwenye mche ulionunuliwa kwa jirani. Nimeona shamba zuri likiharibika kuanzia upande wa njia, mti baada ya mti, kwa kufuata mahali ambapo watu walikuwa wakikatiza. Vilevile mahali palipokuwa na msitu na visiki vikaachwa udongoni, uyoga wa mizizi huhamia kutoka kwenye visiki hivyo na kuingia kwenye kinkina, kwa hiyo visiki vitolewe kabla ya kupanda.

Mavuno yana njia mbili, na wazee hawakubaliani juu yake. Njia ya kwanza ni kung'oa mti pamoja na mizizi. Hapo unapata gome lote, na la mizizi na la shingo ya shina ni miongoni mwa yaliyo tajiri, lakini unabaki na shimo kwenye mteremko na lazima uanze upya kitaluni. Njia ya pili ni kukata shina karibu na ardhi na kuacha kisiki kichipue, kisha unachagua machipukizi mawili au matatu yaliyo imara na kuyalea mpaka mavuno mengine. Unaacha gome la mizizi kwa sasa, lakini udongo unabaki umeshikwa. Kwa vilima vyetu mimi nashikilia njia ya pili kwa uvunaji wa kwanza, na kung'oa baadaye kisiki kikishachoka, tena kwa mistari ya kupishana, si kilima kizima kwa mara moja.

Kazi ya kubandua gome ni ya kutazamwa kwa karibu. Mti ukishakatwa, gogo hulazwa juu ya mawe mawili, na gome hupigwa kwa rungu la mti mgumu, si kwa chuma, mapigo mafupi yanayofuatana kuzunguka gogo, hadi unasikia sauti imebadilika na kuwa ya kitu kilichoachana. Kisha panga huchora mstari mmoja wa urefu, na kipande kizima hutolewa kwa vidole gumba. Upande wa ndani hutoka ukiwa mweupe wenye unjano na unyevunyevu, nao hewani huanza kupiga hudhurungi ukiwa ungali mkononi. Baba mdogo huwaita vijana na kuwaambia: "Wanangu, mkimaliza msijipanguse midomoni." Hakuna anayemsikiliza mara ya kwanza. Uchungu ule haukai kwenye ulimi tu. Unashuka kooni na kukaa huko mpaka jioni, na maji hayausogezi.

Magome hutandazwa juu ya turubai, yakageuzwa mara kwa mara, yakaingizwa ndani mawingu yakikusanyika. Yakikauka hujikunja kama mirija na huvunjika kwa kishindo kidogo. Yasiyovunjika hivyo bado yana maji, na yakifungwa kwenye gunia yatashika ukungu. Gome bichi hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake likikauka, jambo ambalo mnunuzi analijua vizuri na muuzaji mwenye haraka ya karo ya shule hulisahau. Miti iliyobanduliwa haitupwi. Hufaa kuni na nguzo nyembamba, na kila mzigo wa kuni unaotoka shambani ni mzigo usiotoka kwenye mbuga.

Sasa matumizi. Ndani ya gome kuna alkaloidi nyingi, yaani kemikali chungu za mmea, lakini nne ndizo kubwa: kwinini, kwinidini, sinkonini na sinkonidini. Kiwandani gome husagwa, huchanganywa na chokaa, alkaloidi huvutwa kwa kiyeyushi, kisha huhamishiwa kwenye asidi ya salfa, na asidi ikipunguzwa nguvu, salfati ya kwinini huanza kuganda kuwa fuwele nyeupe kama sindano. Kwinidini ilitumika sana kwa mapigo ya moyo yasiyo na mpango. Nyingine mbili hutumika na wanakemia kama vichocheo katika kutengeneza dawa nyingine.

Juu ya malaria lazima niseme kwa uangalifu, kwa sababu kwetu watu wana mapenzi ya zamani na kwinini. Ni kweli kwamba klorokwini iliposhindwa na vimelea, kwinini ndiyo iliyobaki imesimama, na ikaokoa watu wengi. Lakini mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto 5425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo: katika waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na katika waliopewa artesunati ya sindano, dawa mpya zaidi, asilimia 8.5. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani linataka artesunati itangulie kwa malaria kali, na pale ambapo hiyo haipo, artemeta ya sindano, ndugu yake, itumike kabla ya kwinini. Kwa wajawazito wa miezi mitatu ya kwanza kwinini ilibaki kuwa dawa ya kawaida kwa muda mrefu zaidi, mpaka mwaka 2022 shirika hilo lilipokubali mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini kwao pia. Kwinini si dawa mbaya, lakini ni kali: masikio hulia, kichwa huzunguka, sukari ya damu hushuka, na ndiyo sababu muuguzi huiweka ndani ya serumu ya sukari na kuidondosha polepole. Ikisukumwa haraka mshipani inaweza kusimamisha moyo.

Kwa hiyo chai ya gome siikubali, hata ikipikwa na mzee mwenye heshima. Gome moja laweza kuwa na kwinini mara kadhaa kuliko lingine, na glasi ile ile ambayo jana haikumtibu mtu mzima leo yaweza kumpofusha au kumuua mtoto. Siikubali pia ile imani ya pili, ya mjini, kwamba soda chungu ya toniki inakinga malaria. Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini katika lita moja ya kinywaji hicho, na mgonjwa mtu mzima hutakiwa kupata kama miligramu 1800 kwa siku moja. Mwenye imani hiyo afanye hesabu mwenyewe, ni zaidi ya lita ishirini kila siku kwa muda wa siku saba. Kitu ambacho soda hiyo inaweza kufanya vizuri ni kung'aa buluu chini ya taa ya zambarau ambayo wabadilisha fedha huitumia kuchungulia noti za dola. Kwinini ndiyo inayong'aa.

Hata hivyo vinywaji hivyo vina faida kwa mkulima. Tiba imepunguza hamu yake ya kwinini, lakini viwanda vya vinywaji na vya kemikali duniani bado vinaihitaji, na hakuna aliyepata njia ya kuitengeneza bila gome kwa bei inayoshinda ya mti. Soko bado lipo. Ugumu wake ni namna linavyopima.

Mnunuzi huja na mizani ya kuning'iniza na bei moja ya kilo. Chukua magunia mawili ya uzito sawa, moja la gome lenye kwinini asilimia tatu, lingine asilimia sita. Kwa mkulima ni fedha ile ile. Kwa mwenye kiwanda gunia la pili ni mara mbili ya la kwanza. Aliyehangaika kubebesha miche bora na kusubiri miaka kumi analipwa sawa na aliyepanda mbegu za kuokota na kukata kwenye mwaka wa tano. Katika hali hiyo kila mtu anakata mapema, anachanganya magome ya matawi membamba na ya shina, na mnunuzi naye anashusha bei ya wote kwa kuwa hajui atakuta nini ndani. Mnunuzi mmoja aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba gome letu lote ni hafifu. Nilipomuuliza amelipima wapi, alisema analijua kwa kuliangalia. Rangi ya gome haisemi asilimia. Hata jaribio la zamani la kuchoma unga wake ndani ya bomba la kioo, ambapo hutokea mvuke mwekundu, linathibitisha tu kwamba hiyo ni kinkina yenye alkaloidi, bila kusema ni kiasi gani.

Wakulima wachache wa upande wa baba mdogo wameanza kuuza pamoja, na mimi nimewasaidia kuandika utaratibu wao. Gome la kila namna ya mche hukaa kwenye magunia yake, na la shina halichanganywi na la matawi. Kutoka kila kundi la magunia huchukuliwa vipande kutoka juu, katikati na chini, husagwa pamoja, na unga hugawanywa kwenye vifuko vitatu vinavyofungwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Kimoja huenda maabara ya mnunuzi, kimoja huenda maabara nyingine ambayo wakulima wameichagua na kuilipa wenyewe, na cha tatu hubaki kwa katibu wao, kikavu na gizani, mpaka majibu mawili yafanane. Bei huzungumzwa baada ya hapo, kwa kilo ya kwinini iliyomo, na gharama ya maabara hugawanywa kwa magunia. Mnunuzi wa kwanza alikataa. Wa pili aliomba apewe nakala ya karatasi akaisome.